Maji ya Kifuani

Ukiingia Wirrabin kwa barabara ya Mildura, utapokewa na bango la halmashauri lenye picha ya mwanamume mwenye kofia pana, maji yamemfika kifuani, na chini yake maneno MJI ULIOSIMAMA IMARA. Mimi naitwa Vern Haddrick. Nimezaliwa hapa, nimeendesha kivuko cha hapa miaka thelathini na moja, sasa nina miaka themanini na minne, na sijawahi kuuona mji huu ukisimama imara kwa ajili ya jambo lolote, labda siku ile baa ilipotangaza kwamba itafunga mapema.

Ukilipita bango utauona mstari wa buluu. Umepakwa kwenye kuta zote za barabara kuu, kimo cha kifua cha mtu mzima, kuonyesha mahali Mto Murray, huu mto wetu wa Australia, ulipofika katika mafuriko ya mwaka 1956. Duka la mikate lina mstari. Kituo cha polisi kina mstari. Choo cha umma, kilichojengwa mwaka 2004, nacho kina mstari. Barabara yetu inapanda kilima kutoka gatini mpaka hotelini, na mstari unapanda nayo, kila mahali kifuani, kwa hiyo ukiuamini itabidi ukubali kwamba mwaka ule maji yalitembea kwa miguu. Watalii wanaupenda sana. Wanajipanga ukutani, wanashika pua, wanapigwa picha.

Kila mwezi wa nane tuna Wiki ya Mafuriko. Watu wazima wenye akili zao huvaa mabuti ya mpira yanayofika mapajani, huburuta mashua juu ya trela kwenye lami kavu, na padri huzibariki. Majirani zetu wa Tambrook, mji ulio chini kidogo kwenye mto huohuo, wana alama yao ya mwaka 1956 pia, lakini ya kwao iko magotini, na kila mwaka tunawaalika waje watuonee wivu. Hakuna aliyewahi kuuliza ilikuwaje mto mmoja, mwezi mmoja, uwafike wale magotini kwenye uwanda na sisi kifuani juu ya kilima. Kamati ya historia iliwahi kuandika kwamba mto "uliinama." Wameliandika hilo kitabuni.

Haya yote yangenichekesha kama yalivyokuwa yakinichekesha zamani, lakini mke wangu Joyce alikuwa Mildura. Aliteleza jikoni majira ya baridi ya mwaka jana, akavunjika nyonga, na kwa kuwa Wirrabin haina pa kumweka mtu asiyeweza kuinuka mwenyewe, walimpeleka kwenye makao ya wazee yaliyo mwendo wa saa mbili kutoka mlangoni kwangu. Tulikuwa tumelala kitanda kimoja miaka sitini. Sasa nilimwona Alhamisi na Jumapili, na siku daktari wa macho angeninyang'anya leseni ya gari nisingemwona kabisa. Hilo ndilo lililokuwa likininyima usingizi. Mengine yote mjini ningeweza kuyavumilia.

Ndiyo maana serikali ilipokubali, mwezi wa pili, kutujengea vyumba kumi na viwili vya wazee kando ya zahanati, nilimpigia Joyce simu nikiwa bado nimesimama nje ya ofisi ya posta. Alisema chumba chake kiangalie mto, na nisithubutu kumwekea zulia mlangoni, kwa sababu zulia ndilo lililomwangusha.

Kisha akaja mhandisi. Alikuwa anaitwa Despina Kallas, mwanamke wa miaka kama thelathini, mpole, mwenye viatu vya kazi ambavyo vilionekana kuwa vimewahi kufanya kazi. Alipima mji wetu siku tatu, siku ya nne akatuita ukumbini akatueleza. Sheria ni kwamba nyumba ya watu wasioweza kukimbia haijengwi mahali ambapo maji yamewahi kufika. Mistari ya ukutani aliiacha, alisema kwa adabu kwamba anaelewa ni ya wageni. Lakini ile nguzo ya mlangoni mwa hoteli ilikuwa ni kitu kingine. Ni nguzo ya kweli, ya mkalitusi mwekundu, ina alama ya kweli iliyokatwa kwa shoka na tarehe chini yake. Hoteli iko juu kuliko jengo lolote mjini. Kama maji yalifika kifuani pale, basi zahanati ilikuwa imezama mita nne, na hakuna kiwanja hata kimoja Wirrabin ambacho angeweza kukitia sahihi.

Watu walipiga makofi. Nisikilize vizuri: waliambiwa hawatapata vyumba vya wazee, wakapiga makofi, kwa sababu hatimaye mtaalamu amethibitisha mita nne.

Despina alingoja makofi yaishe. Akasema vitabu vya zamani vya vipimo vya mto vimeungua, hana ushahidi mwingine, kwa hiyo ataandika kile ambacho mji wenyewe utakithibitisha kwa kura. Tukisema nguzo iko mahali pake, vyumba vitakwenda mji mwingine. Tukisema kuna kosa, atapima upya. Alitupa wiki mbili.

Kosa lilikuwepo. Nilikuwa nalijua kwa sababu mwenye kosa alikuwa baba yangu.

Hoteli ya kwanza haikuwa kilimani. Ilikuwa chini kabisa, hatua ishirini kutoka gatini, mahali ambapo mabaharia wa meli za mvuke waliweza kuifikia hata kwa kutambaa. Mwaka 1956 maji yaliingia humo mpaka kifuani, na hilo ni kweli tupu. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nilibeba mapipa ya bia kichwani kutoka mle ndani. Mwenye hoteli akakata alama kwenye nguzo ya baraza. Mwaka 1961 hoteli ikaungua, pamoja na vitabu vya mto ambavyo karani alipenda kuviweka karibu na anapokunywa, na ikasalia nguzo ile moja. Hoteli mpya ikajengwa juu ya kilima. Baba yangu, aliyekuwa seremala, alipofika kwenye baraza akakuta amepungukiwa nguzo, akaenda akaichukua ile ya zamani kwa trela, akaisimamisha mlangoni. Ilikuwa mbao nzuri. Hakuwa na wazo jingine kichwani, na nilimjua vizuri.

Sasa, watu wa mto huu tuna mchezo wetu. Mgeni akiingia baa na kuuliza swali, anajibiwa uongo kwa uso mkavu, na kila aliyepo anatakiwa kuuongezea chumvi. Atakayecheka wa kwanza anawanunulia wote bia. Tuliwahi kumwaminisha mkaguzi wa shule kwamba kasuku weupe hutaga viazi. Mwaka 1974 alikuja mwandishi wa gazeti kutoka Melbourne, mwanamke mwenye kalamu mbili. Tulikuwa wanaume sita. Akaitazama ile alama ya nguzoni, akauliza kama maji yalifika pale. Clarrie Pask, mfugaji wa kondoo ambaye Mungu alimuumba akasahau kumwekea msuli wa kucheka, aliitazama alama, akaitazama bia yake, akasema, "Hapo yalikuwa yameshaanza kupungua."

Mimi nikaongeza kwamba ng'ombe wa maziwa tuliwapandisha juu ya paa la kanisa. Niliona aibu kidogo, kwa sababu chumvi ilizidi, lakini yule dada aliandika.

Gazeti lilipotoka hatukucheka. Ndiyo kanuni. Kila mmoja alikuwa anamngoja mwenzake ashindwe. Tukangoja mwaka, tukangoja kumi. Basi la watalii likaanza kuja. Watoto wetu wakafundishwa shuleni, wakarudi nyumbani kutuhadithia mafuriko yetu wenyewe, nasi tukawatazama kwa nyuso kavu tukasema ndiyo, ilikuwa hivyohivyo. Wenzangu watano wamekufa mmoja baada ya mwingine na hakuna aliyecheka. Yule ng'ombe wangu sasa ana sanamu. Yuko juu ya paa la kanisa, wa plastiki, na taa ndani.

Msimamizi wa historia hii yote ni Noelene, binti wa Clarrie. Alizaliwa mwaka 1963, miaka saba baada ya maji kushuka, kwa hiyo anayajua mafuriko kuliko yeyote. Ni mwenyekiti wa kamati, ameandika kitabu, amechagua mwenyewe aina ya buluu. Ni mwanamke mwema, mchapakazi, anayeweza kukuchosha kabla hujavua kofia. Mwanamume wa kwenye bango ni baba yake.

Alhamisi iliyofuata nilikwenda Mildura na mfuko wa machungwa. Chumba cha Joyce kilikuwa kinaangalia maegesho ya magari, naye alikuwa amejifunza kuyatambua magari ya wauguzi wote na kujua nani amechelewa. Mwili wake ndio uliovunjika, kichwa chake kiko pale pale, na wakati mwingine nadhani kimeongezeka makali kwa kukosa kazi. Nilimweleza habari ya Despina na kura. Alimenya chungwa lote.

"Kacheke, Vern," alisema mwishowe.

"Nicheke nini?"

"Mlikaa mkikaziana nyuso miaka hamsini. Nenda ukacheke. Simama mbele yao uwaambie."

"Watanichukia, Joyce."

"Wakuchukie. Mimi hapa naamshwa saa kumi na moja alfajiri na msichana anayeniita Joy. Ni mtoto mzuri, hana kosa. Lakini sitaki kufa nikiitwa Joy."

Nilirudi njia nzima nikilia, nikisimamisha gari kila nilipoona malori, kwa sababu mzee wa miaka themanini na minne anayelia nyuma ya usukani ni hatari kwa umma.

Mkutano ulikuwa Jumamosi mchana. Ukumbi ulijaa, watu sitini na kitu, chai na zile keki za nazi mezani, na nyuma ya meza Noelene na karatasi zake. Despina alikaa pembeni na daftari. Nilinyoosha mkono, nikasimama, nikasema yote. Nilisema nguzo ilitoka chini gatini, aliyeihamisha ni baba, na sisi sita tulimdanganya mwandishi wa Melbourne kwa mchezo. Nikasema ng'ombe hawakupanda kanisani, hakuna ng'ombe anayepanda kanisa, niliwapandisha mimi kwa mdomo wangu na ninaomba radhi. Nikasema mke wangu yuko mbali, na kwamba kama wangekubali tu kuwa nguzo ilihamishwa, angerudi.

Kisha kwenye safu ya nyuma mtu akapasuka kwa kicheko, na ukumbi wote ukafuata.

Kev Dyson, mwenye hoteli, aligonga meza kwa kiganja. "Mtazameni uso wake," aliwaambia. "Mkavu kabisa. Mzee huyu amekuwa akiupika huu miaka mingapi?"

Walidhani ni mchezo. Ndivyo nilivyojulikana maisha yangu yote, Vern wa uso mkavu, aliyewauzia watalii tiketi za kuona mto ukigeuka. Kila nilivyozidi kuapa ndivyo walivyozidi kushika mbavu. Nilimtaja baba yangu, wakacheka. Nikataja namba ya trela, wakacheka zaidi, maana ni nani angekumbuka namba ya trela kama hajaitunga. Machozi yakanitoka, nakiri, sikuweza kuyazuia, na Kev akafuta ya kwake ya kicheko akasema Vern hata machozi anayo ya kuagiza. Nilisimama pale na mdomo wazi. Sijawahi kujichukia kama siku ile.

Mmoja tu hakucheka, naye ni Noelene. Uso ulikuwa umempauka. Aligonga kengele mpaka wakanyamaza, akanitazama.

"Baba aliniambia akiwa kitandani anakufa, Vern," alisema. "Nilimshika mkono nikamuuliza, akaniambia yalimfika hapa. Mtu hafanyi mzaha anakufa."

Nilimjua Clarrie miaka arobaini. Clarrie angeweza kufanya mzaha hata akiwa ameshafunikwa shuka. Nilifungua mdomo niseme hivyo, nikaona namna binti yule alivyoishika kengele kwa mikono miwili, nikashindwa. Nilisema tu, "Nguzo ilihamishwa, Noelene."

Ndipo akasimama Glenys Moffat, ambaye mji mzima, weupe kwa weusi, tunamwita Shangazi Glenys. Watu wake walikuwa kwenye mto huu kabla ya meli ya kwanza, kabla ya gati, kabla ya mtu yeyote kufikiria kuuza bia hapa. Katika kitabu cha Noelene wana ukurasa mmoja, na nusu yake ni picha ya mtumbwi. Alijiegemeza kwenye kiti cha mbele yake, hana haraka.

"Mimi nimezaliwa mwezi ule wa mafuriko," alisema. "Nimezaliwa hapo kilimani, kwenye mchanga, mahali ilipo hoteli ya Kev, jiko lake liko sawasawa na hema la mama yangu. Tulipanda pale kwa sababu maji hayafiki pale. Bibi alijua, na bibi yake alijua. Mchanga mkavu. Mama alilalamika mchanga uliingia mpaka kwenye chai."

Hakuna aliyecheka sasa.

"Kisha mkatuhamisha," aliendelea, "kwa sababu mlitaka kujenga hoteli mahali pakavu. Leo mnaniambia ilikuwa maji. Mngetuambia mapema, tungeondoka kwa mashua."

Akaketi. Despina alikuwa anaandika haraka. Noelene alimshukuru Shangazi Glenys kwa heshima zote, akasema kamati itayapokea maneno yake na kuyaweka kwenye sehemu ya ngano na visasili, na kama ana ngano nyingine ofisi iko wazi Jumatano. Shangazi Glenys alinigeukia kwa mbali, akapandisha nyusi, nami nikampandishia zangu.

Wakapiga kura ya mikono. Wanaothibitisha kwamba maji yalifika kifuani juu ya kilima: hamsini na nane. Wanaopinga: mimi, Shangazi Glenys, na mwenye duka la mikate aliyechoka kupaka ukuta wake. Despina alifunga daftari. Alipokuwa akitoka alisimama mbele yangu akaniambia ananiamini, na kwamba anasikitika, lakini hawezi kuandika kwenye ripoti kwamba ameukadiria mto kwa uso wa mzee. Vyumba kumi na viwili vikaenda mji ulio mbali zaidi hata ya Mildura. Kev alitangaza bia kwa wote, kwa heshima yangu. Sikuinywa.

Jumatatu nilikwenda Mildura, nikamkuta Joyce amekaa tayari, koti mabegani, ameshasikia. Sikuwa na mpango. Nilimwambia nimeshindwa. Akaniuliza kama pikapu ina mafuta. Muuguzi mkuu alinisomesha karatasi tatu kuhusu hatari zake na zangu, nikatia sahihi zote tatu, na yule msichana mdogo akatusaidia kumwingiza Joyce kwenye kiti cha mbele akimwambia kwaheri Joy. Kufika nyumbani kulikuwa na ngazi nne. Nilimbeba tatu. Ya nne tulikaa juu yake wote wawili, nikihema, tukiutazama mto kwa pembeni kupitia uzio wa jirani, mpaka nilipopata nguvu ya kujaribu tena. Nilikuwa na hofu ambayo sijawahi kuwa nayo hata kwenye kivuko wakati wa dhoruba. Niliwaza: nimemtoa mahali salama nimuue mwenyewe.

Asubuhi niliamshwa na nyundo. Kev na wenzake wawili walikuwa wanazing'oa zile ngazi na kuweka mteremko wa mbao kwa ajili ya kiti cha magurudumu. Sikuwaomba. Niliwaambia hivyo, kwa ukali, na Kev akasema nisogee kidogo nimesimama juu ya misumari yake. Kufikia saa nne tulikuwa na vyungu vitano vya supu. Kufikia Ijumaa vilikuwa kumi na kimoja, na pai za nyama ambazo mpaka leo tunazila. Watu wote wale walioinua mikono walikuja mmoja mmoja na mabakuli yao, wakaingia kwa mlango wa nyuma kama wezi, wakamuuliza Joyce hali. Hakuna aliyegusia mkutano.

Noelene alileta ratiba. Ilikuwa imepigwa chapa kwenye karatasi ya kamati ya historia, na wimbi la buluu juu kabisa: nani wa kumwinua Joyce asubuhi, nani wa kumlaza, nani wa kukaa naye nikienda dukani, na muuguzi wa zahanati mara mbili kwa wiki. Jumanne, kuosha nywele: N. Pask. Nilitaka kuichana. Nilikuwa na hasira inayoweza kuwasha jiko. Watu hawa wangeweza kumrudisha mke wangu kwa kuinua mkono mmoja kwa dakika moja, wakakataa, na sasa wamejiandikisha kumbeba kwa mikono miwili mpaka afe. Ukiwauliza watakwambia hawaoni ajabu yoyote. Joyce aliisoma ile ratiba akanikataza kuiharibu. Na nikwambie, ni kazi ngumu mno kumchukia mwanamume ambaye kila asubuhi anamwinua mkeo kitandani, akitazama ukutani ili asimwaibishe.

Wakapita miezi. Majira ya baridi yakarudi, na Wiki ya Mafuriko nayo, na mashua zikapita mbele ya nyumba yetu juu ya trela. Joyce alizipungia mkono kutoka barazani. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba nikijifanya nachanja kuni.

Jumanne ya wiki ile Noelene alikuja kama kawaida. Alikiegemeza kiti cha Joyce kwa nyuma kwenye sinki la kufulia, akamwekea taulo shingoni, akaanza. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na birika la maji ya moto, naye hakuniona, au labda aliniona.

"Joyce," alisema, na mikono yake ikatulia kwenye povu. "Wewe hukuwa baa siku ile na yule mwandishi. Hukuwa kwenye mchezo wao. Na mwaka 1956 ulikuwa msichana mkubwa."

"Miaka kumi na mitano," alisema Joyce.

"Basi niambie. Sitamwambia mtu. Baba yangu alisema kweli?"

Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye nywele za Joyce kuingia kwenye sinki. Nilitaka aseme. Alikuwa ndiye shahidi wangu wa mwisho, na Noelene alikuwa ameuliza mwenyewe, kwa sauti yake mwenyewe, bila kengele. Vyumba vimekwenda na haviwezi kurudi, lakini mtu mmoja mjini angejua kwamba sikuwadanganya.

Joyce alikuwa amefumba macho.

"Nilimwona," alisema. "Hapo kilimani. Alikuwa anavuka na mama yako mabegani, wakati ule hawajaoana. Mama yako alikuwa ameshika viatu vyake juu, visilowe."

Noelene akasema, "Lakini baba hakujua kuogelea."

"Alikuwa mrefu," alisema Joyce.

Niliutazama uso wa mke wangu, nikingoja kona ya mdomo isogee hata kidogo. Haikusogea. Noelene aliinama akaegemeza paji lake la uso kwenye paji la Joyce, povu na vyote, akakaa hivyo muda. Kisha akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, nikampa birika, naye akamsuuza Joyce taratibu, mara mbili, akimziba masikio kwa kiganja ili maji yasiingie.